Inapatikana Lango Peke Yake

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Kengele aliita namba tisa katika chumba cha kusubiria cha kliniki ya macho, na namba tisa hakuinuka. Alikuwa mzee mwenye koti la kijivu, kadi ameishika mkononi, namba yake inasomeka hata ukiwa mlangoni. Kengele akaita tena, akiipandisha kidogo ile sauti iliyompa jina lake. Mwanamke mwenye namba kumi na moja akamgusa yule mzee begani. "Baba, unaitwa." Mzee akasema hajasikia mtu akiita. Alimwona dada wa mapokezi akifungua mdomo, akadhani anapiga miayo.

Kufika saa nne mambo yalikuwa yameshakaa wazi. Kliniki hiyo huwatia wagonjwa matone ya kupanua mboni, na mtu akishatiwa matone hawezi kusoma kibao wala kadi yake mwenyewe. Anakaa benchini, machozi yanamtiririka, anategemea masikio. Ndiyo maana msimamizi alimweka Kengele mapokezi miaka kumi na sita iliyopita na hajathubutu kumhamisha. Sasa kati ya wagonjwa arobaini, kumi na wanane tu ndio waliomsikia. Mlinzi wa mlangoni, mtu wa makamo anayependa gemu kuliko usingizi, alikuwa anasikia kila neno, kwa hiyo akazunguka na kuulizauliza, halafu akarudi na jibu.

"Dada, wanaokusikia wote wana akaunti ya Lango," alisema. "Wenye Ghala, na wasio na duka lolote, wanaona midomo tu."

Kengele akamshukuru. Msimamizi akaandika tangazo la kuwaomba wagonjwa wafungue akaunti ya Lango kabla ya kufika, akalibandika ukutani, mahali ambapo aliyetiwa matone hawezi kulisoma. Mlinzi akapewa kiti karibu na mapokezi ili awe anarudia majina, na foleni ikaendelea.

Kwa asiyejua, Lango na Ghala ni maduka ya gemu ya mtandaoni. Hayana mlango wala kaunta. Mtu anafungua akaunti kwenye simu au kompyuta, ananunua gemu, anacheza. Zamani gemu ilipatikana kotekote, na mteja alichagua duka kama anavyochagua pa kununua sabuni. Baadaye maduka yakaanza kukomoana kwa kununua upekee: gemu hii kwetu tu, ile kwao tu, na anayetaka zote mbili atajijua.

Mwana wa Kengele alikuwa mtengenezaji wa gemu. Walimwita Msumari kwa sababu akishakaa kwenye kiti chake, kumng'oa kunahitaji koleo. Kwa miaka minne, yeye na mkewe, ambaye ni mchoraji, walitengeneza gemu moja katika ghorofa ya nne ya nyumba ya kupanga, vyumba viwili, wakiishi na Kengele. Gemu iliitwa Nyumba Kiza. Mtoto amepotea ndani ya nyumba kubwa, umeme umekatika, na anayecheza haoni kitu. Anafuata sauti ya mama inayomwambia geuka hapa, inama hapo, usiogope, nipo. Hawakuwa na uwezo wa kumwajiri mwigizaji, na hata wangekuwa nao, Msumari alisema, wangetafuta sauti kama ya mama halafu wangeikosa.

Walirekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ili mwangwi usiingie. Msumari alikuwa na desturi moja ya kazi ambayo mkewe aliipigia kelele tangu uchumba: hakuzima kinasa sauti. Alikiwasha asubuhi akakizima akienda kulala. Aliamini kwamba maneno mazuri humtoka mtu akidhani hasikilizwi. Kengele alisoma mistari yake kwa siku tatu, lakini kinasa kilibaki wazi wiki tatu.

Jioni ya Jumatatu hiyo Kengele alifika nyumbani, akavua viatu, akawaeleza yaliyotokea kliniki. Msumari na mkewe walimsikia vizuri kabisa, maana wote wawili walikuwa na Lango. Msumari akaufungua mkataba aliotia saini na Lango Ijumaa. Alisoma kurasa za mwanzo haraka, kisha akasoma kiambatisho cha tatu polepole, na masikio yake yakawa mekundu.

"Mama, nilituma folda nzima," alisema.

"Folda gani?"

"Ya sauti zako. Walitaka orodha ya kila kilichomo kwenye gemu, kabla ya Ijumaa. Kuchambua kungenichukua wiki. Nikatuma yote."

"Yote ni yapi? Nilisoma mistari siku tatu."

"Kuna saa mia mbili na kumi na mbili."

Kengele akakaa. "Na nilipokuwa nikiimba bafuni?"

"Zimo."

"Na nilipokuwa nikiongea na simu?"

"Zimo, mama."

"Na nilipokuwa nikimsengenya mkeo?"

Mchoraji akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Mimi?"

"Zimo," alisema Msumari.

"Nilisema unaunguza sufuria," Kengele alimwambia mkwewe. "Si siri. Unaunguza."

Kiambatisho kilisema kwamba sauti yote iliyoorodheshwa ingepatikana Lango peke yake, mahali popote na kwa njia yoyote iliyopo au itakayobuniwa, kwa muda wa miaka miwili. Mwenye sauti aliruhusiwa kujisikia kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Kila namna ya kusema aliyokuwa nayo Kengele ilikuwa imeshanaswa ndani ya zile saa mia mbili na kumi na mbili, kwa hiyo hapakubaki neno ambalo angeweza kulisema nje. Malipo ya mwanzo yalikuwa yameshageuka kodi ya nyumba. Msumari alitaka kusema samahani, lakini mama yake akamwahi.

"Kliniki nitamudu," alisema. "Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, na Kengele akainuka kuitafuta simu. Kila siku saa kumi na moja jioni Kengele alimpigia simu mama yake mzazi, ambaye familia nzima ilimwita Bibi. Bibi alikuwa ameacha kuona miaka saba iliyopita. Aliishi upande wa pili wa mji kwa kaka yake Kengele, Mjomba, kwa sababu nyumba ya Mjomba ilikuwa ya chini na ya Kengele ilikuwa na ngazi sitini na nane. Simu ya saa kumi na moja ndiyo iliyokuwa dirisha la Bibi. Kengele alimweleza nani kapata miwani mipya, nani kamgombeza daktari, rangi gani imepakwa wapi, na Bibi alikaa akiyatazama hayo yote hadi siku ya pili.

Kengele akapiga. Bibi akasema, "Haloo, mwanangu." Kengele akasema, "Shikamoo mama." Bibi akasema haloo tena, mara tatu, kisha akaiweka simu chini kwa upole kama mtu aliyepigiwa kimakosa.

Kesho yake Msumari alikwenda na mama yake kwa Mjomba na kumfungulia Bibi akaunti ya Lango. Kabla ya hapo alijaribu njia nyingine: Kengele aseme, yeye arudie. Bibi alisikiliza kidogo, akamzuia kwa mkono. "Maneno ni yake ila sauti ni yako," alisema. "Ni kama kunusa chakula cha jirani. Nifungulie hicho kiduka." Alipofunguliwa, Kengele alisema shikamoo, na Bibi akaitika marahaba kwa uso mzima. Mjomba, aliyekuwa wakala wa vocha za Ghala na kwa hiyo hakuruhusiwa kuwa na akaunti ya Lango, alisimama pembeni akimwangalia dada yake akitikisa midomo. Aliandika kwenye karatasi: Mwambie nimefurahi. Kisha akakumbuka kwamba mama anamsikia yeye mwenyewe, akaikunja ile karatasi na kumwambia.

Miezi mitano ilipita hivyo. Kengele alizoea kuwaandikia wauza duka na makondakta. Kaka mtu na dada mtu waliandikiana pia, na wakagundua kwamba kwa kuandika wanagombana kidogo. Nyumba Kiza iliuzika sana. Watu wasiojua gemu walifungua Lango kwa sababu walisikia kuna sauti humo inayokwambia usiogope, nawe ukaacha kuogopa.

Ghala haikupenda. Ikatafuta gemu yake, ya baba anayemwongoza mwanawe kwa redio, na ikamtafuta msemaji. Ikamwona Mjomba: ni wakala wao, na ni ndugu wa damu wa sauti iliyowatia hasara. Mjomba hakuwa mjinga. Mkataba aliusoma mara mbili. Alirekodi mistari yake tu, sitini na minne, na kila alipomaliza mmoja alizima kinasa kwa kidole chake mwenyewe. Hakukohoa wala kuguna mbele yake. Lakini mkataba wa Ghala ulichukua sauti iliyorekodiwa pamoja na sauti yoyote inayofanana nayo, na sauti ya Mjomba ilifanana sana na ya Mjomba.

Siku gemu hiyo ilipotoka, Mjomba alimpelekea mama yake chai, akamwambia ni ya moto. Bibi hakusikia. Aliipokea, akanywa, akaungua ulimi na vidole vitatu. Jumamosi yake Mjomba alimwambia angalia kizingiti, na Bibi akajikwaa, akaangukia goti. Hakulia. Aliuliza tu, akiwa bado sakafuni, kama kuna mtu yeyote humo ndani.

Msumari alimwombea akaunti ya Ghala juu ya ile ya Lango, kwa kudhani amepata dawa. Wengine mjini walikuwa wameshajaribu, na matokeo yalijulikana: sikio hushika duka moja, lile lililofunguliwa mwisho, na kutoka duka moja kwenda jingine kuna siku kumi za kusubiri ambazo mtu hasikii hili wala lile. Msumari alipoambiwa hayo alirudi haraka akafuta ombi kabla halijapokelewa. Mkewe Mjomba alikuwa amefariki zamani na watoto wake walikuwa wameshaoa na kuhama, hivyo mchana kutwa ndani ya nyumba ile alikuwemo Bibi, na mwana ambaye yeye Bibi hamsikii.

Kengele akaamua kuvunja mkataba. Utaratibu ulikuwa rahisi na uliandikwa kwa herufi kubwa: mwenye sauti apige simu huduma kwa wateja na aseme kwa kinywa chake kwamba anajitoa. Barua hazipokelewi. Kampuni iliyopokea simu ilikuwa moja kwa maduka yote mawili, na ili wasipendelee upande wowote, wafanyakazi wake walikatazwa kuwa na akaunti popote.

Kengele akasema jina lake na kwamba anajitoa.

"Haloo," alisema msichana wa huduma. "Mteja, hatukupati. Sogea penye mtandao."

Kengele akasogea dirishani, akasema tena. Msumari akaichukua simu.

"Dada, mama yangu anasema anajitoa."

"Lazima aseme mwenyewe, kaka."

"Amesema. Humsikii."

"Ni kweli, simsikii."

"Humsikii kwa sababu ya huo mkataba anaotaka kuuvunja."

"Nakuelewa kabisa, kaka, na pole sana. Nimeandika hapa kwamba mteja alipiga na hakusema kitu. Kuna jingine la kukusaidia?"

Mjomba naye alipiga, akajibiwa na kijana mwingine, mpole vilevile, aliyemshauri abadilishe simu.

Jumapili waliketi wote kwa Bibi: Kengele, Mjomba, Msumari na mkewe. Bibi alikuwa na vidole vyake vitatu vimefungwa kitambaa. Msumari alimweleza jambo lote tangu kiambatisho cha tatu hadi huduma kwa wateja. Bibi aliuliza kwa nini hayo maduka hayauzi pamoja. Mjomba akaandika: Fahali wawili hawakai zizi moja. Msumari akamsomea.

"Kumbe zizi lenyewe ni masikio yangu," alisema Bibi.

Alizungushazungusha kitambaa cha vidoleni. Kengele alijua kinachokuja. Alikijua tangu siku ya chai, na alikuwa ameomba kwa Mungu asiwe yeye wa kukisema kwanza.

"Mwanangu," alisema Bibi, akigeuza uso upande ilikotoka harufu ya dawa ya kliniki, "wewe unanieleza dunia. Huyu ananieleza kizingiti kiko wapi. Nikiikosa dunia nitasononeka. Nikikikosa kizingiti nitavunjika nyonga, na hapo nitawasumbua wote."

"Mama, hujakosea," alisema Kengele. Iliuma kweli. Alikuwa na miaka hamsini na moja na aliumia kama mtoto aliyeachwa nyumbani wenzake wakipelekwa matembezini.

"Kesho ndiyo mbadilishe," alisema Bibi. "Leo kaa hapa useme."

Kengele akakaa. Alianza na mzee wa koti la kijivu, ambaye tangu siku ile alikuja kila mwezi na kukaa kiti cha mbele ili amwone vizuri akipiga miayo. Akamweleza mchoraji alivyounguza sufuria ya tatu. Akamweleza mvua, na foleni, na jinsi jengo jipya mbele ya kliniki linavyoficha jua kuanzia saa nane. Maneno yalipoanza kumwishia akashika jambo alilolibeba tangu akiwa na miaka tisa.

"Mama, ile redio ya baba. Aliyeivunja ni mimi. Kaka alipigwa bure."

"Nilijua," alisema Bibi. "Kaka yako alikuwa mfupi kuliko wewe, hafiki kwenye rafu ilipokaa."

"Sasa kwa nini ulimpiga?"

"Alisema ni yeye. Ningefanyaje, nimwite mwongo?" Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Mjomba alikuwa ameketi mlangoni, akimsikia mama yake upande mmoja na kimya upande wa pili. Kengele akaomba karatasi, akaandika: Nimemwambia ya redio. Mjomba akasoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Miaka arobaini na mbili," alisema, na wa kumsikia pale hakuwepo hata mmoja, maana wote waliokuwemo walikuwa wa Lango.

Kesho yake Kengele alibonyeza mwenyewe kitufe cha kumhamishia Bibi Ghala. Simu ya Bibi ikaandika kwamba ombi limepokelewa. Siku kumi Bibi aliishi kwa kushikwa mkono, hasikii Lango wala Ghala. Siku ya kumi na moja Mjomba alimwambia angalia kizingiti, na Bibi akainua mguu.

Kengele hakuacha saa kumi na moja yake. Badala ya kupiga simu, alikwenda. Kliniki ilipofungwa alipanda basi mpaka upande wa pili wa mji, akaketi karibu na mama yake, akautwaa mkono wake na kuuweka shingoni mwake, hapa chini ya kidevu, akaongea. Mwanzoni Bibi alisema anahisi kama ameshika ukuta ambao nyuma yake kuna watu wanahamisha vyombo. Baada ya miezi michache aliweza kutofautisha kicheko na kikohozi. Baadaye alijua akiambiwa ndiyo na akiambiwa hapana. "Leo umesema mengi," alikuwa akimwambia. "Nani huyo amekuudhi?" Mara nyingi alipatia kwamba kuna aliyemuudhi.

Miaka miwili ilipotimia Lango ilituma barua. Nyumba Kiza ilikuwa bado inanunuliwa, na kwa kuwa mwenye sauti hakuwahi kusema kwa kinywa chake kwamba anajitoa, mkataba ulikuwa umejiongeza wenyewe kwa miaka mingine miwili. Lango ilimshukuru kwa kuwa sehemu ya familia. Msumari alifika kazini kwa mama yake kumpa barua hiyo mkononi, akasimama kama mtu anayesubiri kuchapwa. Kengele akamwandikia nyuma ya kadi ya mgonjwa, kwa mazoea tu, maana mwanawe alikuwa anamsikia: Umekula? Kisha akaita namba kumi na nne, na mlinzi akarudia.

Jioni alimsomea Bibi ile barua, mkono wa Bibi ukiwa shingoni mwake. Bibi alikuwa amekonda, vidole vyake vyepesi, lakini vilisikiliza.

"Hayo ni ya ofisini," alisema Bibi katikati ya barua. "Yanakwenda sawasawa kama cherehani. Sema lako."

Kengele akaiweka barua chini. Akasema neno moja.

"Hilo nimelijua," alisema Bibi. "Unaniita mama. Rudia."

Akarudia. Bibi akamwambia arudie tena, na Kengele akaita, akaita, kwa ile sauti ambayo watu walikuwa wakiilipia mjini kote. Mjomba akaingia na chai. "Mama, ni ya moto, ngoja kidogo," alisema, na Bibi akasikia, akangoja, mkono wake mmoja ukiwa bado shingoni mwa binti yake.